Namuunga Mkono Aliyetangulia

Jumanne, tarehe 14 Mei. Mawingu yalitanda tangu alfajiri lakini mvua haikunyesha. Hewa ilikuwa nzito, na waliokuwa wakingoja barazani walijipepea kwa kadi zao za kliniki.

Asubuhi hiyo fundi seremala alikuja na futi yake kupima dirisha la dawa la zahanati yetu. Mama Kutwa alimwona akiwa bado na kikombe cha chai mkononi. Alikiweka juu ya rafu, akatoka hadi barazani kumpokea kama mtu anayempokea mgeni wa harusi. Meza yangu ya kadi iko jirani na dirisha lile, kwa hiyo sikuhitaji kutega sikio.

"Karibu fundi, karibu. Tumekungoja mpaka tumeota mvi," alisema. "Hili la zamani liache lilivyo. Jipya lije upande huu wa kushoto, ili foleni mbili zisigongane. Na uniwekee ubao wa kuegemeza viwiko. Wazee wangu wanachoka."

Fundi hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipima upana wa dirisha la zamani, akapima urefu, akaandika kwa penseli kwenye kipande cha mbao.

"Mbona unapima hilo?"

"Ndilo nililoambiwa, mama."

"Umeambiwa ulifanye nini?"

"Kuziba. Mbao, msumari, na rangi juu yake. Ijumaa liwe tayari."

Mama Kutwa alicheka. "Fundi, umekosea. Labda ni lile la stoo kule nyuma, linaloingiza panya."

Fundi alikunja futi yake taratibu. "Mama, mimi ni wa kutumwa tu. Walionituma wamesema dirisha la dawa. Hapa kuna dirisha jingine la dawa?"

Mama Kutwa alirudi ndani, akakichukua kile kikombe cha chai, akakishika bila kunywa. Mgonjwa aliyekuwa mbele ya foleni alimwita mara mbili ndipo akageuka.

Wasiomjua Mama Kutwa watadhani jina hilo alipewa na wazazi. Alipewa na wagonjwa. Yeye hampi mtu dawa akamwacha aondoke hivi hivi. Lazima urudie kwa sauti yako mwenyewe: kidonge kimoja, kutwa mara tatu, baada ya kula. Ukikosea, unarudia. Fundi cherehani wa kona, mzee mwenye pumu na mdomo usiokaa kimya, alizoea kumuuliza, "Nikipatia leo utanipandisha darasa?" Naye humjibu, "Wewe nitakukaririsha mpaka uzeeke." "Si nimeshazeeka?" "Basi kariri hivyo hivyo." Barazani watu hucheka, hata walioumwa.

Alifika zahanati akiwa msichana aliyemaliza kozi ya utoaji dawa, mwaka ule ule aliofiwa na mama yake. Mama aliacha nyumba ya vyumba viwili, shangazi mmoja mwenye miguu mibovu, na mtoto wa mwisho wa kiume ambaye hata kamba za viatu alikuwa hajajua kufunga. Mtoto huyo aliangukia mikononi mwa dada yake. Mchumba alikuwepo, mtu wa heshima kabisa, lakini alisema yeye anaoa mmoja, hawezi kuoa wawili. Mama Kutwa alimtakia heri. Sijawahi kumsikia akilizungumza jambo hilo kwa uchungu. Husema tu kwamba yule bwana alikuwa mkweli, na ukweli una faida yake.

Mtoto alisoma. Alisoma mpaka vyeti vyake vikajaa ukuta wa sebule ya dada yake, kila kimoja na fremu yake, na kila Jumapili dada alivipangusa vioo. Baadaye akaajiriwa kuwa msaidizi wa mbunge wetu. Akaanza kuvaa suti, akaanza kutembea na simu mbili. Mtaani wakamwita Mheshimiwa Mdogo. Wengine walisema kwa kejeli, lakini Mama Kutwa alilipokea jina hilo kama lilivyo. Ukimpongeza alikuwa akitazama chini na kusema, "Ni juhudi zake," huku uso wote unasema ni juhudi zetu.

Sasa nieleze sheria moja ya dawa, maana bila hiyo habari hii haina kichwa wala miguu.

Miaka ya nyuma dirisha letu lilikuwa na vitu viwili: dawa ya maumivu na pole. Mwenye presha alipewa cheti aende kununua mjini, na wengi walikiweka cheti chini ya godoro. Kisha ikapita sheria ya dawa nafuu. Kiwanda kinachotaka kuziuzia hospitali kubwa za serikali kilitakiwa pia kuziuzia zahanati za jamii kama yetu, kwa bei ndogo sana, nazo zahanati ziwape wagonjwa wao kwa bei ile ile. Dawa hizo zilikatazwa kuuzwa tena. Ili zisitoroke, Mama Kutwa alikuwa akikata pembe moja ya kila boksi kwa mkasi kabla ya kulipitisha dirishani. Hakuna aliyemwagiza. Mtaa mzima ulijua boksi lenye pembe iliyokatwa limetoka wapi, na hakuna duka ambalo lingethubutu kulipanga kwenye rafu.

Foleni ikawa ndefu, na hilo ni kweli. Watu walikuja kutoka vijiji vya mbali, wakasimama juani, naye yupo peke yake dirishani. Aliomba dirisha la pili na msaidizi, akaomba tena, akaambiwa angoje.

Ndipo mwezi wa pili mdogo wake akaja nyumbani na habari njema. Kamati ya bunge ya afya ingekuja kwenye ukumbi wetu kusikiliza wananchi kuhusu marekebisho ya sheria ile. Alitaka dada yake awe wa kwanza kuzungumza. Mama Kutwa alinisimulia maneno yake kesho yake, akiwa na furaha, kwa hiyo nayakumbuka.

"Zungumzia foleni, dada. Foleni tu. Bei usiiguse kabisa, bei imeshakaa ndani ya sheria. Ukiigusa utawaamsha waliolala."

"Na dirisha la pili?"

"Wewe waeleze shida. Suluhisho niachie mimi."

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mama Kutwa alisimama na kitambaa chake kizuri kichwani, akaeleza kuhusu jua, kuhusu wazee, kuhusu mama aliyezimia kwenye foleni akiwa na mtoto mgongoni. Akasema, "Mimi ni mmoja, na mikono ni miwili. Nimeelemewa." Hakuwahi kusema maneno mazito kuliko hayo mbele za watu. Alipoketi, ukumbi ulipiga makofi.

Baada ya hapo wakaitwa wagonjwa. Kwetu, mtu wa heshima akishasema na akasema vizuri, anayefuata hatii chumvi kwenye chungu cha mwenzake. Kurudia ni kama kusema hakueleweka, na kuongeza lako ni kama kusema alisahau. Kwa hiyo walisimama mmoja baada ya mwingine, safu baada ya safu: "Namuunga mkono aliyetangulia." Anakaa. "Mimi pia namuunga mkono." Anakaa. Fundi cherehani alikuwa amejiandaa kuzungumzia bei. Alikuja na pampu yake ya pumu mfukoni ili awaonyeshe wabunge. Zamu yake ilipofika alisimama, akamtazama Mama Kutwa, akasema, "Yote aliyosema mama yetu ndiyo yangu." Akapigiwa makofi kuliko wote. Bei haikutajwa na mtu hata mmoja, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba kila mmoja anaijua.

Mdogo mtu alikuwa amekaa pembeni ya meza ya wabunge, akiandika.

Hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma yake, asubuhi ile fundi seremala alipokunja futi yake.

Kwa wiki kadhaa pampu za pumu zilikuwa hazijaletwa, na Mama Kutwa alikuwa akiwaomba watu wavumilie. Mchana wa Jumanne hiyo fundi cherehani alikuja, akipumua kwa mluzi. Hakupanga foleni. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akaweka boksi juu ya ubao.

"Litazame hilo," alisema.

Mama Kutwa alilishika. Lilikuwa boksi la pampu ile ile, la kiwanda kile kile. Lilikuwa na pembe zake zote.

"Umelitoa wapi?"

"Famasi kubwa ya barabarani. Nimezidiwa asubuhi, nikasema liwalo na liwe. Wakaniuliza namba ya kadi yangu ya zahanati. Nikafurahi, nikajua punguzo limenifuata mpaka huko. Kumbe wanataka namba tu. Wameiandika, wakanitajia bei ya duka. Bei kamili, mama. Nimelipa kwa hela ya bitana ya mteja. Koti lake litakwenda tupu ndani."

"Namba ya kadi ya nini kama bei ni ya duka?"

"Nimewauliza hivyo hivyo. Binti wa kaunta akasema mzigo umenunuliwa kwa jina la zahanati yenu. Sheria mpya. Akasema mliiomba wenyewe, kwenye mkutano." Alishika ubao kwa mikono yote miwili ili apate pumzi. "Mama Kutwa, kule ukumbini ulisema nini?"

"Ulikuwepo, fundi. Uliniunga mkono."

"Ndiyo maana nauliza. Niliunga mkono nini?"

Barazani hakuna aliyecheka. Mama mmoja mwenye mtoto wa kifafa alisogea mbele. "Na dawa ya mwanangu nayo imehamia huko?" Mama Kutwa alimwambia asubiri mpaka yeye aulize. Nilimwona akiipanga upya rafu iliyokuwa imepangwa.

Jioni, kabla giza halijaingia, shangazi alimtuma mtoto wa jirani aniite. Nyumba zetu zinatenganishwa na ukuta mmoja. "Njoo ukae nasi," shangazi aliniambia mlangoni. "Mdogo mtu amefika. Akiwepo mtu wa nje watasemezana kwa adabu." Nikakaa kwenye kiti cha karibu na mlango.

Mheshimiwa Mdogo alikuwa kwenye kochi, koti la suti amelitundika kwenye mgongo wa kiti, chini kabisa ya vyeti vyake. Mama Kutwa alisimama. Hakuwa amevua sare ya kazi.

"Fundi amekuja leo kupima dirisha," alisema.

"Aa. Wamewahi hivyo?" Mdogo mtu aliweka simu mezani. "Nilitaka nikueleze mwenyewe kwanza."

Nadhani ni hapo Mama Kutwa alipojua. Alichukua kigoda, akakaa mbali naye.

"Basi nieleze."

Alieleza, na alieleza vizuri, maana alisomeshwa. Zahanati bado inanunua dawa kwa bei nafuu, alisema, hilo halikuguswa. Kilichobadilika ni kwamba wakala anazigawa badala ya dirisha. Wakala ni ile famasi. Anauza kwa bei ya soko, na faida inaingia kwenye mfuko wa maendeleo unaosimamiwa na ofisi ya mbunge. Mfuko utajenga wodi ya wazazi. Ramani ameiona kwa macho yake.

"Punguzo lilikuwa la nani?" aliuliza Mama Kutwa.

"La zahanati, dada. Kisheria ni la zahanati."

"Zahanati inaumwa pumu?"

"Dada..."

"Nauliza tu. Hilo jengo lina presha? Bati lina kifafa?"

"Usinigeuzie maneno. Foleni ulisema ni ndefu, tumeiondoa. Ulisema umeelemewa, tumekutua mzigo."

"Niliomba dirisha la pili."

"Hukusema dirisha la pili. Ulisema wazee wanasimama juani, na wewe ni mmoja. Ukumbi mzima ukakuunga mkono. Hakuna hata mtu mmoja aliyetaja bei. Ulitaka kamati iandike nini?"

"Nani aliniambia nisitaje bei?"

Kijana aliigeuza simu yake kifudifudi, akaigeuza tena.

"Mswada ulikuwa umeshaandikwa," alisema kwa sauti ya chini. "Kilichobaki ni sauti ya wananchi."

"Ukanitafuta mimi."

"Ningemtafuta nani mwingine? Wewe ndiye wanayekuamini."

Shangazi alisema, "Yallah."

Sikuwahi kumwona Mama Kutwa akipiga kelele, na jioni hiyo pia hakupiga. Alimtazama mdogo wake kwa muda, kama mtu anayetafuta kitu usoni mwa mtoto, homa au upele. "Nilikuwa nikikuogesha kwa maji ya vuguvugu," alisema, "kwa sababu maji ya baridi uliyaogopa. Wote wale waliniunga mkono bila kuuliza, na mimi nilikuamini wewe bila kuuliza. Wewe ulikuwa unamuunga mkono nani?"

"Kama si mimi, angefanya mwingine. Na wodi si uongo, dada. Itajengwa."

"Itajengwa kwa mluzi wa kifua cha fundi cherehani."

"Nimekuombea kazi pale famasi," alisema haraka haraka, kama aliyekuwa ameihifadhi zawadi hiyo mpaka mwisho. "Kaunta yako mwenyewe. Kuna kiyoyozi, kuna kiti cha kuzunguka. Hutasimama tena maisha yako yote."

"Wakija watu wangu nitawaambia nini?"

"Utawaambia kutwa mara tatu, kama kawaida yako." Alicheka mwenyewe. Hakupata wa kucheka naye, kicheko kikamwishia njiani.

Kisha akasema lile lililomleta hasa. Akasema watu watauliza, na wakiuliza, dada ajibu kwamba ni mambo ya bungeni, hajui. Baada ya siku chache watazoea, watu huzoea. Mwakani atagombea udiwani hapa hapa mtaani, mbunge amemwahidi kumnyanyua mkono jukwaani. "Wakijua kwamba ni mimi niliyekupanga, dada, mtaa huu sitapita tena. Nakuomba. Wewe ni mama yangu."

Shangazi alidakia. "Mwanangu, mambo ya nyumba hii yasivuke kizingiti. Huyu amekosa, nimesikia kwa masikio yangu, nitamsema mimi mwenyewe. Lakini ukimvua nguo nduguyo mbele ya watu, na wewe umebaki uchi. Mna tumbo moja."

"Nimekusikia, shangazi."

"Kwa hiyo utanyamaza?"

"Umekula?" Mama Kutwa alimuuliza mdogo wake. Akaenda jikoni, akampakulia, akamwekea na maji ya kunawa. Miaka yote niliyowajua, kijana alipokuwa akila, dada alikaa pembeni kumsimulia ya kutwa nzima. Jioni hiyo aliiweka sahani, akatoka nje kuanua nguo. Alianua moja moja, akazikunja pale pale uani. Kijana alimega matonge mawili, akavaa koti, akaniaga mimi na shangazi. Alipopita uani alisema, "Dada, nakwenda." Dada alianua nguo nyingine.

Shangazi aliniambia, "Naye utamsitiri, eh? Wewe si mtu wa maneno." Nilimwambia maneno si yangu.

Asubuhi ya Jumatano Mama Kutwa alifika zahanati kabla ya mlango kufunguliwa, amevaa sare yake. Hakwenda ndani. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, mwanzoni mwa foleni, mkoba ameupakata. Mganga mkuu alipofungua alimwambia, "Vipi, mbona huko? Ingia." Akajibu, "Nina kazi huku kwanza, daktari."

Watu walipokuwa wengi alisimama. Sauti yake haikuwa ya mkutanoni. Ilikuwa ile ya dirishani.

"Dirisha linazibwa Ijumaa," alisema. "Dawa zetu zimepelekwa famasi ya barabarani na zinauzwa kwa bei ya duka. Walioamua wanasema sisi ndio tuliotaka, kwa sababu mimi nilisema foleni ni ndefu na nyinyi mkaniunga mkono. Aliyenifundisha niseme foleni, na nisitaje bei, ni mdogo wangu. Alijua tangu mwanzo dirisha litazibwa. Mimi sikujua, lakini mdomo ulikuwa wangu."

"Mdogo wako yule?" aliuliza mama wa mtoto mwenye kifafa. "Mheshimiwa Mdogo?"

"Yule yule. Mtoto wa mama yangu."

Kuna aliyetukana, akataja na mama yao aliyelala kaburini. Mwingine alisema ndugu hao wamekula pamoja, sasa wanagombana kwenye kugawana. Fundi cherehani alimwambia huyo afunge mdomo, kisha kikohozi kikamzuia kuendelea. Mama Kutwa hakujitetea. Aliwaacha waseme mpaka wakatulia.

Mzee mmoja wa kijiji cha mbali alifika akiwa amechelewa, vumbi hadi magotini, akauliza kwa nini foleni haisogei. Mama Kutwa alijisogeza, akampa nafasi kwenye benchi, akakaa karibu naye na kuanza tena tangu mwanzo: "Mzee wangu, dirisha linazibwa Ijumaa. Nami nataka ujue ni nani amelifunga."